Tusingoje: Wajibu wa Familia kwa Kijana Anayeanza Kuugua Akili

(Hotuba ifuatayo ilitolewa mbele ya wazazi, walezi na vijana baada ya Sala ya Adhuhuri. Tunaichapa kwa manufaa ya wasomaji wetu – Mhariri)

Baada ya Tashahhud, Taawudh na kusoma Sura Al-Fatiha, msemaji alisema:



Mada niliyopewa leo inahusu maradhi ambayo majumbani mwetu hutajwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi hayatajwi kabisa. Mtoto akishikwa na homa, jirani hujulishwa kabla ya jua kuchwa. Lakini kijana akianza kusema na watu wasioonekana, mlango hufungwa, pazia huteremshwa, na wageni huambiwa kwamba amesafiri. Ni juu ya mlango huo uliofungwa ndipo nataka kusema nanyi leo.

Maradhi yenyewe huitwa skizofrenia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya akili iliyopasuka. Wengi wamedhani kwa sababu ya jina hilo kwamba mgonjwa ana nafsi mbili. Sivyo. Mgonjwa ni mtu mmoja yule yule, isipokuwa ubongo wake umeshindwa kupambanua yatokayo nje na yatokayo ndani. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwa yakini mambo yasiyokuwapo, maneno yake hukosa mpangilio, na taratibu hamu ya kazi, ya usafi na ya kukaa na watu humtoka. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 20 wenye maradhi haya ulimwenguni. Hayachagui taifa, dini wala kabila, na mara nyingi huanza katika umri ule ambao wazazi wamekwisha maliza kulipa ada na wanangoja matunda, yaani kati ya miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya ishirini na kitu.

Kisa cha nyumbani kwetu

Ndugu zangu, sitasema nanyi kama mganga wa hospitali, kwani mimi ni mwalimu mstaafu tu. Nitasema kama kaka wa mgonjwa. Mdogo wangu ameniruhusu nikisimulie kisa hiki, na nilimsomea maneno haya jana usiku kabla sijayaleta hapa.

Mwaka 1986 alikuwa na umri wa miaka 18, yuko kidato cha tano, na hesabu zake zilikuwa zikiwashinda hata waliomfundisha. Alirudi likizo akiwa amekonda. Alitaka madirisha yafungwe mchana na usiku. Alisema mtangazaji wa redio anamtaja jina. Mama alisema, “Ni uchovu wa masomo, mwacheni alale.” Lakini hakulala. Likizo ikaisha, hakurudi shuleni.

Mganga wa kwanza alisema ni jini la baharini. Wa pili alisema ni jirani, na kwa ajili ya maneno yake tulivunja ujirani wa miaka 20. Wa tatu alitaka ng'ombe wawili, nao waliuzwa. Siku moja mdogo wangu alimpiga baba, kwa kuwa sauti zilimwambia kwamba yule si baba yake. Tangu siku hiyo tukamfunga kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Ndugu zangu, aliyefunga ile kamba ni mimi ninayewahutubia.

Tulipompeleka hospitali, miaka miwili na miezi minane ilikuwa imekwisha pita. Muuguzi aliniuliza swali jepesi: “Alianza lini?” Nikamjibu, “Wiki iliyopita.” Nilisema uongo kwa sababu ya aibu. Nimemwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa uongo ule mara nyingi, na ndio sababu ya kukubali kusimama mbele yenu leo. Mdogo wangu alipata nafuu, alhamdulillah. Leo anakaa nami, anafagia uwanja wa msikiti kila asubuhi, na hakuna anayemwogopa. Lakini hakurudi tena kwenye hesabu. Sidai kwamba angepelekwa mapema angekuwa mhandisi. Ghaibu anaijua Mungu. Nasema tu kwamba sisi tulimnyima nafasi ya kujaribu.

Kwa nini wataalamu wanahimiza mapema

Kwa muda mrefu madaktari wenyewe walikata tamaa juu ya maradhi haya. Wagonjwa waliwekwa mbali na miji, wakasahauliwa. Dawa ya kwanza yenye nguvu, klopromazini, ilianza kutumiwa Paris mwaka 1952, na tangu hapo maelfu wakaweza kurudi majumbani. Hata hivyo, desturi ilikuwa kungoja mpaka mgonjwa awe hoi ndipo atibiwe.

Katika miaka ya 1990 fikra mpya ikapata nguvu. Mjini Melbourne, Australia, daktari Patrick McGorry na wenzake walifungua mwaka 1992 huduma maalumu kwa vijana wanaougua kwa mara ya kwanza. Huko Norway, katika mkoa wa Rogaland, jambo la ajabu lilifanyika kuanzia mwaka 1997. Magazeti, redio na shule zilitumiwa kuwafundisha watu wa kawaida dalili za mwanzo, na kikundi cha wataalamu kikawa tayari kumwona kijana bila mlolongo wa barua. Nusu ya wagonjwa wa sehemu hiyo wakawa wanafikishwa kwenye tiba ndani ya majuma 5 tu tangu wazi kwa ugonjwa, ilhali katika sehemu nyingine zilizolinganishwa nazo ilikuwa majuma 16. Baada ya miaka 10 wagonjwa hao walitazamwa tena. Upande wa waliogunduliwa mapema, takriban 31 katika kila 100 walikuwa wamepona na kurudi kwenye maisha ya kazi. Upande wa pili walikuwa 15 tu.

Tena liko funzo jingine hapo. Matangazo yale yalipokomeshwa, muda wa kuchelewa ulirefuka tena. Maana yake ni kwamba elimu hii haitolewi mara moja ikaisha. Ni kama kufagia uwanja: ukiacha, majani hurudi.

Huko Marekani nako, utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulifuatilia vijana 404 katika vituo 34. Wale waliopewa dawa kwa kiasi kidogo kinachofaa, mazungumzo ya tiba, elimu kwa familia na msaada wa kurudi shuleni au kazini, yote kwa pamoja, waliendelea vizuri kuliko waliopewa matibabu ya kawaida. Na walionufaika zaidi ni wale ambao hawakuwa wamechelewa.

Dalili za mwanzo

Huenda mtu akauliza: Nitajuaje? Kila kijana hujifungia chumbani, na kila kijana hukasirika. Ni kweli. Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Lakini zikikusanyika kadhaa, zikadumu kwa majuma, na kijana akawa si yule mliyemjua, msingoje. Zitazameni hizi: usingizi kupotea au kugeuka, usiku ukawa mchana, kushuka ghafla katika masomo au kazi, kuacha kuoga na kubadili nguo, kujitenga na marafiki aliowapenda, kushuku kwamba chakula kimetiwa sumu au kwamba watu wanamfuata, kucheka au kujibu akiwa peke yake, maneno yasiyofuatana, na uso usioonyesha furaha wala huzuni.

Daktari kwanza atataka kujua kama kuna sababu nyingine mwilini, kwani malaria kali, kifafa, kaswende, Ukimwi, pombe na bangi huweza kuleta hali inayofanana na hii. Hiyo nayo ni sababu ya kutochelewa, maana baadhi ya maradhi hayo huua upesi. Na kuhusu bangi, enyi vijana, nawaambieni bila kuficha: kuivuta, hasa katika umri mdogo, huongeza hatari ya kupatwa na maradhi haya, na kwa aliyekwisha ugua humrudisha nyuma.

Dua na dawa

Najua swali lililomo mioyoni mwenu. Je, si majini? Ndugu zangu, mimi sikuja kubishana na mtu juu ya viumbe vya ghaibu. Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba maradhi yana dawa zake, akawaamuru watu wajitibu. Alifundisha pia kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mungu. Mzazi asomaye Kurani pembeni ya mwanawe anafanya jambo jema, na asiache. Bali yule asemaye kwamba kisomo kimemtosheleza na hospitali haifai, huyo amemwacha ngamia bila kamba.

Waislamu wa zamani walilifahamu jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaonyesha kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua. Hospitali kubwa aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Basi inakuwaje sisi, baada ya karne saba, tuwafunge minyororo uani na kuwachapa ili jini litoke? Fimbo hiyo haimpigi jini. Inampiga mtoto wako.

Sheria yetu imemwondolea dhambi aliyepotewa na akili mpaka arudiwe nayo. Na Sura An-Nisaa imetufundisha kwamba wasioweza kuendesha mali yao walishwe, wavishwe na kuambiwa maneno mema. Tazameni jinsi maneno mema yalivyowekwa pamoja na chakula na nguo, kama haki ya tatu.

Kazi ya familia

Nami nashangaa kuona kwamba wataalamu, kwa njia yao, wamefika hapo hapo. Kuanzia miaka ya 1950 mtafiti George Brown na wenzake mjini London waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali. Waligundua kwamba waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, uadui au kuingiliwa kupita kiasi waliugua tena zaidi kuliko waliorudi katika nyumba tulivu. Tusikosee hapa: familia haisababishi skizofrenia, na mama yeyote aliyepo hapa asibebe mzigo huo. Lakini familia inaweza kumsaidia mgonjwa asimame, au ikamwangusha bila kukusudia.

Basi tufanyeje? Nitayataja niliyojifunza, mengine kwa kufundishwa na mengine kwa kukosea.

Kwanza, tuseme naye kwa upole, kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati. Ukimwambia, “Amka, oga, kunywa chai, halafu nenda dukani,” umempa mizigo minne. Mpe mmoja.

Pili, tusibishane na sauti anazosikia, wala tusijifanye nasi tunazisikia. Yatosha kusema, “Mimi sisikii, lakini naona zinakutisha. Nipo hapa pamoja nawe.”

Tatu, tusimwite mvivu. Kukaa bila hamu ni sehemu ya maradhi, nayo huchelewa kuondoka kuliko sauti. Akifagia nusu ya uwanja leo, tumshukuru kwa nusu hiyo.

Nne, mzigo ugawanywe. Mara nyingi mama mmoja au dada mmoja huachiwa kila kitu mpaka naye anaugua. Mjomba alale naye usiku mmoja, shangazi ampeleke kliniki, kaka alipe nauli.

Tano, tuandike katika karatasi dalili zilizotangulia alipougua mara ya kwanza. Zikionekana tena, twende kliniki siku hiyo hiyo, tusingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Sita, akisema anatamani kufa, au sauti zinamwamuru ajidhuru, tusimwache peke yake hata kidogo, tuondoe visu, kamba na sumu za shambani, na tumpeleke hospitali mara moja. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo ya maradhi.

Tena si lazima kila familia ijifunze peke yake. Hapa Tanzania watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Marekani walijaribu Dar es Salaam na Mbeya mpango unaoitwa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, ambamo vijana wenye maradhi haya hukutana pamoja na jamaa zao, familia kadhaa kwa mara moja, wakajifunza na kutatua matatizo yao kwa pamoja. Nani asiyejua faida ya kumsikia mzazi mwingine akisema, “Nasi tulipitia hayo”?

Dawa na mwezi wa Ramadhani

Dawa hazing'oi mzizi wa maradhi, bali hutuliza sauti na hofu ili mtu apate kuishi. Zina taabu zake: usingizi, kunenepa, mikono kutetemeka, pengine shingo kukaza. Mgonjwa akilalamika, anasema kweli. Tumrudishe kwa daktari apunguziwe au abadilishiwe, wala tusimlazimishe kwa ngumi, wala tusizifiche dawa kabatini tukisema amepona. Utafiti uliofanyika New York na kutangazwa mwaka 1999 uliwafuatilia walioshikwa mara ya kwanza. Walioacha dawa walikuwa katika hatari ya kurudiwa karibu mara 5 kuliko walioendelea nazo.

Na hapa nitasema jambo linalotuhusu sisi hasa. Wako wagonjwa wengi ambao huacha vidonge mwezi wa Ramadhani, kwa kuona haya kula dawa mchana. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Kabla ya mwezi kuandama, nendeni kwa daktari mkaulize: Je, dawa zote zaweza kunywewa usiku? Je, yafaa afunge, au apumzike? Wako pia wanaoweza kupata sindano ya mara moja kwa mwezi. Atakalosema daktari lifuatwe, na mtu yeyote asimtazame kwa jicho baya kijana anayekunywa maji mchana.

Vile vile tusimwoze mtu ili ndoa iwe ndiyo dawa yake. Ndoa ni neema kwa aliyetulia na kuelewa, na mwenzake akaambiwa ukweli. Lakini kumficha mgonjwa nyuma ya harusi ni kuwadhulumu wawili kwa siku moja.

Mlango uliofunguliwa

Ndugu zangu, nakaribia kumaliza. Mwaka 2016 binti wa dada yangu alikuwa chuoni. Akaacha kulala, akawa anaandika kuta zima kwa kalamu, akasema walimu wanasoma mawazo yake. Dada yangu alinipigia simu usiku, akilia, akasema, “Kaka, imerudi nyumbani kwetu.” Maradhi haya huweza kufuata ukoo: katika watu wote kwa jumla humpata mtu kama mmoja katika 100, na kwa mtoto au ndugu wa mgonjwa ni kama mmoja katika 10. Maana yake kwa wale tisa ni salama, lakini kwa wote kumi ni kuwa macho.

Asubuhi yake tulikuwa kliniki. Daktari aliuliza, “Alianza lini?” Dada yangu alinitazama. Nikajibu mimi: “Majuma matano yaliyopita, siku ya Jumanne.”

Sitawaambia kwamba mambo yalikwenda kama maji. Mwaka wa pili aliacha vidonge katika Ramadhani bila kutuambia, akaugua tena, akapoteza muhula mzima wa masomo. Ndiyo maana nimelisema jambo lile kwa urefu. Lakini alirudi chuoni, akamaliza, na leo anafundisha watoto wa darasa la pili. Bado anakwenda kliniki. Siku moja aliniambia, “Mjomba, siku ile hukuona haya kusema. Nilikusikia.”

Shirika la Afya Duniani linasema walau mtu mmoja katika kila watatu wenye maradhi haya huweza kupona kabisa. Wengine huishi vizuri wakiwa na msaada. Huduma zipo: Mirembe ya Dodoma, Muhimbili ya Dar es Salaam, Kidongo Chekundu ya Unguja na Mathari ya Nairobi. Lakini hatua ya kwanza ni zahanati au hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe. Anzieni hapo, tena waambieni tarehe ya kweli.

Nina ombi moja kwa viongozi. Wateuliwe hapa watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye siri na subira, wajifunze dalili hizi kwa wataalamu, ili familia yenye mashaka ipate pa kubisha hodi usiku bila kuogopa kusemwa. Na kila mmoja wetu aahidi kwamba akisikia habari ya nyumba yenye mgonjwa wa akili, atakwenda kumzuru kama anavyomzuru mgonjwa wa homa, amsalimie kwa jina lake, akae naye, anywe naye chai.

Mwembe ule bado upo nyuma ya nyumba ya baba. Alama ya kamba imebaki kwenye gome, na mti umeendelea kukua kuizunguka. Mdogo wangu hupita hapo bila kusema kitu, mimi siwezi kupita bila kuomba. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na asitujaalie kuyafanya tena hali tukijua. Awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Aamin.